Mwenye Ubeti Ule

Siku Samandar Khan alipotoka gerezani, kijiji kizima cha Tangkhel kilimpokea kwa ngoma na zumari, isipokuwa dada yake wa tumbo moja. Si kwamba Zarlakhta hakumpikia. Alimwagiza mwanawe achinje jogoo, akaoka mikate, akampakulia kaka yake nyama mpaka sinia likakosa nafasi. Ila alipakua kimyakimya, na yeyote aliyewahi kukaa nyumba moja na Zarlakhta anajua kwamba kimya chake kinauma kuliko matusi ya mtu mwingine.

Samandar alikula mwanzo mwisho, akalamba vidole, kisha akasema chakula cha gerezani kilikuwa na ukarimu zaidi, kwani mpishi wa kule angalau alikuwa akimtukana. Zarlakhta hakucheka. Alikuwa na jambo kooni, na jambo lenyewe lilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili.

Mumewe, Aimal Khan, alikutwa amelala kifudifudi kando ya mfereji wa maji ya mashamba, risasi mbili mgongoni. Kwetu sisi Wapashtuni, mtu akiuawa kwa risasi ya kifuani, msiba wake unakaribia kuwa harusi. Watu wanamsimulia, watoto wanapewa jina lake. Risasi ya mgongoni ni habari nyingine kabisa, maana yake ni kwamba marehemu alikuwa anakimbia. Hakuna aliyethubutu kumwambia Zarlakhta hivyo usoni. Waliacha tu kulitaja jina la Aimal. Wazee wakihesabu mashujaa wa Tangkhel na kuwaombea rehema mmoja mmoja, wakifika kwake walikohoa, wakaagiza chai.

Muuaji alijulikana. Alikuwa Jandad, mtoto wa baba mdogo wa Aimal. Waligombea zamu ya maji, na siku ileile Jandad alikimbilia milimani ambako mkono wa Mwingereza haufiki. Aliporudi, miaka michache baadaye, alirudi chini ya kwapa la mkuu wa kijiji, yule aliyeitwa Khan kwa cheo, mwenye nusu ya mashamba yetu. Hakuna aliyemgusa, kwa kuwa mwenye haki ya kumgusa alikuwa bado anang'oka meno ya utoto. Huyo ni Baryal, mtoto pekee wa marehemu. Na hakuna aliyemuuliza Jandad neno lolote kuhusu siku ile, kwa sababu kwetu watu wenye damu kati yao hawasalimiani, sembuse kuulizana.

Zarlakhta alingoja. Alimlea mwanawe kwa ubeti wake mwenyewe, ambao wanawake wa mtaa waliujua kwa moyo:

*Lala, mwana, ukue hima,*
*bunduki ya baba yakuita daima.*

Naam, Baryal akakua. Masharubu yakatoka, mabega yakapanuka, na Zarlakhta akaanza kuhesabu siku kama bibi harusi. Halafu mjomba wake akamvika shati jekundu.

Mashati hayo yalikuwa mapya wakati ule. Samandar, aliyekuwa mpiga mieleka na mgomvi wa kupigiwa mfano ujanani mwake, alianza kuzunguka vijijini akiwaambia watu waweke bunduki chini. Aliwaapisha mambo machache: wasimtii Mwingereza katika dhuluma, wasiseme uongo, wasilipize kisasi, na wakipigwa wasiinue mkono wala wasiondoke mahali walipo. Walioapa walipeleka mashati yao kwa watengeneza ngozi yakatiwe rangi ya matofali, ili uchafu usionekane, na ndiyo sababu wakaitwa Wekundu. Mwanzoni watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mpashtuni bila bunduki, si ni kama chai bila majani? Lakini askari walipokuja kuvunja mkutano pale sokoni, Wekundu waliketi chini, wakapigwa virungu mpaka mikono ya askari ikachoka, na hakuna hata mmoja aliyesogea. Baada ya siku ile waliocheka walianza kuuliza rangi inauzwa wapi. Samandar akafungwa kwa ajili hiyo, akasagishwa ngano kwa mkono miaka mitatu.

Na Jandad naye alikula kiapo. Hilo ndilo lililomkaba Zarlakhta. Mwanawe na muuaji wa mumewe wanakaa safu moja, wamevaa nguo ya rangi moja, wanakunywa maji kwenye kata moja.

"Umeniibia mwanangu," hatimaye alimwambia kaka yake, sinia likiwa bado katikati yao.

"Sikumwiba, dada. Alikuja kwa miguu yake."

"Na ubeti wangu je? Nao ulikuja kwa miguu yake?"

Ubeti aliousema dada yake si ule wa kumlaza mtoto. Ulikuwa wa zamani zaidi, wa usichana wake. Kwetu wasichana wanapokwenda kuchota maji mtoni hushindana kwa beti za mistari miwili, na wanaume hupita kwa mbali wakijifanya wanaangalia ng'ombe, kumbe masikio yote yako huko. Ubeti wa mwanamke unaweza kumpandisha mwanamume mpaka mawinguni, na unaweza kumhamisha kijiji. Zarlakhta aliwahi kutunga mmoja ambao haukukaa mtoni. Uliruka, ukaimbwa Tangkhel, ukaimbwa ng'ambo, ukaimbwa na watu wasiojua umetoka wapi, na mwishowe Samandar akawahubiria Wekundu kwa huohuo:

*Akimbiaye hana jina,*
*jina ni la kifua kilichosimama.*

"Kule ndani," Samandar alisema, "waliniuliza kila mara, nani amekufundisha mambo haya? Walitaka niseme ni yule bwana mkubwa wa Hindustani anayefundisha watu kutopigana, au kitabu fulani cha Mzungu. Nikawaambia, nimefundishwa na watu wawili, baba yangu na mtu mwingine. Hawakuniamini."

Akamkumbusha jinsi baba yao, imamu wa msikiti mdogo wa udongo, alivyokuwa akisimulia habari ya Bilal: amelazwa juu ya mchanga wa moto wa Makka, jiwe kubwa kifuani, anaambiwa amkane Mola wake, naye anarudia neno moja tu, kwamba Mungu ni mmoja. Samandar akiwa mtoto alikuwa akikasirika, akiuliza kwa nini Bilal hakumrukia mtu kooni. Baba yao alimjibu kwa swali: siku ile nani alishinda, aliyekuwa juu ya jiwe au aliyekuwa chini yake? Samandar alijua jibu lakini hakuwa na maneno yake. Alilala nalo na kuamka nalo.

"Mpaka siku moja narudi na nyati wetu," alisema, "nakusikia wewe mtoni. Jina ni la kifua kilichosimama. Nikasimama njiani kama mtu aliyepigwa na radi, nyati wakaingia shamba la watu, nikachapwa. Dini nilipewa na baba. Lakini ulimi wa kuielewa nilipewa na wewe. Leo nani anamjua aliyemwekea Bilal lile jiwe?"

Zarlakhta alisikia moyo wake ukijaa, na akaukasirikia kwa kujaa. Akamwambia kwamba Bilal hakuwa na mume aliyepigwa mgongoni. Akamwambia pia kwamba ubeti ule ni wa vita, kila mtu anajua ni wa vita, na yeye Samandar ameugeuza kuwa wa ombaomba.

"Hukutia bunduki humo ndani, dada."

"Nilikuwa msichana. Nilijua nini habari za bunduki?"

Kisha akampa habari aliyokuwa ameikalia. Miwa ikishakatwa, Baryal atafanya lililo lake. Kijana alikuwa amekubali. Aliweka sharti moja tu, kwamba siku hiyo atavua shati jekundu kwanza, asije akavunja kiapo akiwa amekivaa. Samandar akanawa mikono, akatoka. Safari hii yeye ndiye aliyekuwa kimya.

Miwa ilikuwa haijamalizika kukatwa Khan alipoitisha jirga, baraza la wazee. Huyu Khan alikuwa amepewa cheo na Waingereza, na Wekundu walikuwa wameanza kuwaambia wakulima wake kwamba mgongo wa mtu haukuumbwa kwa ajili ya kubeba Khan. Yeye mwenyewe hakuwa na ulimi wa kupambana na Samandar, kwa hiyo alimtanguliza Mulla Sarfaraz. Na huyu, tusimnyime haki yake, alikuwa msomi kweli. Alisoma mbali, alihifadhi mengi, na hakuwa mtu wa kununuliwa kwa gunia la ngano. Aliamini kwa dhati kwamba Samandar anawatia watu wetu dini ya waabudu sanamu kwa mlango wa nyuma.

Shauri lilikuwa moja na kila mtu alilijua. Wazee wakiona kwamba mafundisho ya Samandar ni ya wageni, nyumba yake itachomwa moto, yeye atafukuzwa, na waliovaa mashati mekundu watayavua palepale. Hiyo ndiyo sheria yetu, na haijui kaka wala dada.

Walikutana Ijumaa baada ya sala katika hujra ya Khan, ile nyumba ya mapokezi ambamo wanaume hukaa na wageni wao na wanawake hawaingii. Ukumbi, ulio wazi upande wa ua, ulijaa mpaka watu wakakaa uani. Zarlakhta na wanawake wengine walipanda juu ya paa la jirani, wakajibanza nyuma ya vikapu vya nafaka, mahali ambapo wanawake wa Tangkhel wamekuwa wakisikilizia jirga tangu enzi za mababu bila wanaume kukiri kwamba wanalijua hilo.

Mulla alizungumza vizuri. Alisema mwanamume aliyepewa nguvu na Mungu akakataa kuitumia anamrudishia Mungu zawadi yake usoni. Alisema jambo hili la kukaa chini na kupigwa halijapata kuonekana katika nchi yetu, na linaonekana kila siku ng'ambo ya mto mkubwa, kwa watu wenye mahekalu. Wazee walitikisa vichwa.

Samandar aliposimama alisema kwamba yeye anamheshimu yule bwana wa Hindustani, maana mkishapanda kilima kimoja mnasalimiana njiani. Lakini mtu haulizwi amekutana na nani kilimani, anaulizwa nani alimfundisha kutembea. Akawasimulia habari ya baba yake na ya Bilal. Wazee wengi walikuwa wamesoma kwa imamu yule wakiwa wadogo, na baadhi walianza kupangusa macho.

Mulla hakutetereka. Alisema Bilal alikuwa mtumwa asiye na upanga, na subira ya asiye na upanga haiwezi kuwa hoja kwa mwenye nao. "Dini sote tunaijua," alisema. "Nionyeshe kwamba jambo hili ni letu. Nionyeshe Mpashtuni mmoja, kabla yako, aliyelisema."

Samandar akausema ule ubeti.

Minong'ono ikapita ukumbini, maana hakukuwa na mtu asiyeujua. Wengine waliumalizia kabla yake. Lakini Mulla alitabasamu, kwa kuwa sasa alikuwa amempata.

"Huo ni ubeti wa vita," alisema. "Tumeuimba vitani. Mwenye kuutunga alikusudia vita. Unasema hakukusudia? Mlete aseme. Nani aliutunga?"

"Mwanamke wa kijiji hiki."

"Ana jina?"

Samandar alifungua kinywa, akakifunga. Kwetu jina la mwanamke halitajwi mbele ya wanaume. Unaweza kusema mama wa fulani, nyumba ya fulani, watu wangu, lakini jina lenyewe ni la ndani. Mwanamume anayelitoa nje anamvua dada yake shela mbele za watu. Samandar, ambaye Mwingereza hakumtoa neno kwa virungu, alisimama pale mbele ya wazee na shingo yake ikawa nyekundu. Alijua kwamba akinyamaza nyumba yake itawaka, na akanyamaza.

"Shahidi asiye na jina si shahidi," alisema Mulla, wala si kwa ukatili. Kisha akageukia upande wa Wekundu. "Hebu tuwatazame watu wa kifua chako. Huyu hapa kijana amekaa nyuma ya aliyemwaga damu ya baba yake, hatua mbili tu. Wewe yatima, mwenye ubeti angekuona sasa hivi, angekuimbia nini?"

Hata yeye alisema yatima. Hakusema mwana wa Aimal.

Baryal alisimama. Zarlakhta aliona vidole vya mwanawe vikipanda kwenye kifungo cha kwanza cha shati, kikafunguka, kisha cha pili. Kijana aliinua macho kuelekea paa. Mbele yake alikuwa ameketi Jandad, mgongo wake ukimwelekea Baryal, naye alisikia kila kitu na hakugeuka. Aliinamisha tu kichwa kidogo, kama mtu anayengoja kinyozi.

Kila alichokitaka Zarlakhta kwa miaka kumi na miwili kilikuwa mlangoni. Hakuhitaji kufanya kitu. Akae tu pale nyuma ya vikapu, anyamaze, na kabla ya jua kuzama mwanawe atakuwa amevua kiapo na mumewe atakuwa amelipiwa. Wanawake walikuwa wanamtazama, wanangoja. Naye, kwa mazoea ya mtunzi, alianza kutafuta ubeti wa siku hiyo, ubeti wa kumsifu mwanawe kwa kumpiga mtu aliyempa mgongo. Alitafuta mstari wa kwanza. Haukuja. Akatafuta wa pili. Kwa mara ya kwanza maishani mwake ulimi wake ulikauka, na akaogopa.

Halafu, lazima isemwe, akapandwa na hasira. Ubeti ulikuwa wake. Watu wanaugawana pale chini kama nyama ya sadaka, Mulla anavuta paja, Khan anavuta mbavu, na mwenye mnyama amejificha juu ya paa nyuma ya mahindi. Hakuna hata mmoja wao ambaye angeweza kutunga nusu yake.

Akashuka ngazi. Shangazi yake alimshika upindo wa shela, nao ukamponyoka.

Alipita uani katikati ya wanaume, uso umefunikwa, mgongo umenyooka, na wanaume wakatazama chini mmoja baada ya mwingine, kwa sababu hawakujua macho yao wayapeleke wapi. Akaingia ukumbini. Hakuna mwanamke aliyewahi kukanyaga mkeka ule.

"Ubeti ni wangu," alisema. "Mimi ni Zarlakhta, binti wa Imamu Haidar, mjane wa Aimal Khan. Kaka yangu hakunitaja. Nimejitaja mwenyewe, kwa hiyo hana lawama."

Khan alikuwa wa kwanza kupata sauti, akataka kusema kwamba hapa si mahali pa wanawake, lakini Mulla Sarfaraz alimnyamazisha kwa mkono. Aliomba shahidi, shahidi amekuja, na yeye alikuwa mtu wa haki kuliko alivyokuwa mtu wa Khan.

"Basi tuambie, dada yangu," alisema akiwa ameangalia mkeka. "Ulikusudia nini?"

"Nilikusudia kumshinda binti wa mhunzi, na nilimshinda." Mtu mmoja uani alishindwa kujizuia akacheka. "Mengine niliyokusudia nilikuwa siyajui. Lakini mnasema ni wa vita. Mimi najua kutia bunduki ndani ya ubeti. Mwanangu nimemlaza kwa bunduki kila siku ya utoto wake. Ningetaka kuitia katika huu ningeitia. Utazameni. Kuna kifua, kuna kusimama, basi. Anayeketi akapigwa asiondoke, huyo ndiye niliyemwimba, hata kama wakati ule nilikuwa sijamwona. Nilimwona mwaka ule pale sokoni. Walikuwa wengi, na mmoja wao alikuwa mwanangu."

Kwa miaka mitatu alikuwa amejizuia kuona fahari juu ya siku ile ya sokoni, na sasa ilimjia yote kwa pamoja.

"Baryal," akasema, "funga vifungo vyako, ukae."

Baryal akakaa. Kisha Zarlakhta alimgeukia Jandad.

"Damu ya Aimal nimekuachia. Sitaki kondoo, sitaki shamba, wala usiniletee wazee. Ila nitakuuliza kitu kimoja. Wewe ndiye mtu wa mwisho kumwona. Mume wangu alikuwa anafanya nini?"

Hakuna aliyewahi kuliuliza swali hilo. Angelipizwa kisasi Jandad mwaka wowote ule, angekwenda na jibu lake kaburini. Jandad aliinuka polepole. Khan alimkazia macho, kwa maana yeye ndiye aliyempokea mtu huyu na kumlisha, na alijua aibu ya mtu wake ni aibu ya nyumba yake. Uongo ulikuwa rahisi na ulikuwa karibu. Angeweza kusema walikabiliana, kisha Aimal akageuka. Nani angembishia?

Jandad alivua kilemba chake, akakiweka chini.

"Alikuwa anatawadha," alisema.

Akasema tena, kwa sauti ya kufika uani, kwamba Aimal Khan alikuwa ameinama kwenye mfereji anatawadha kwa ajili ya sala ya alasiri, miguu yake ikiwa majini, bunduki yake ameiegemeza kwenye mforosadi mbali na mkono. "Sikumwita. Niliogopa kwamba atageuka. Nilimpiga akiwa ameinama, akaangukia ukingoni. Hakujua hata ni nani." Hapo machozi yalikuwa yanamchuruzika kwenye ndevu na hakuyafuta. "Mlisema alikimbia. Nilisikia mnasema, nikawaacha mseme. Aliyekimbia siku ile ni mimi. Nilikimbia mpaka milimani."

Zarlakhta alisimama palepale. Chini ya shela hakuna aliyeuona uso wake, na ni vizuri.

Aliyeinuka kwanza ni Haji Mashal, mkubwa kuliko wote katika jirga, mtu ambaye kwa miaka kumi na miwili alikuwa hodari wa kuagiza chai. Alishikilia fimbo yake kwa mikono miwili. "Mungu amrehemu Aimal Khan," alisema, "na atusamehe sisi."

Akafuata mwingine, kisha mwingine. Waliokuwa uani walisimama nao. Mulla Sarfaraz alisimama, akafunga macho, akaisema dua yote kwa urefu wake, akilitaja jina la marehemu na la baba yake na la babu yake. Khan aliuliza jirga imeamua nini juu ya nyumba ya Samandar. Haji Mashal alimwambia kwamba kama kuna mwenye kiberiti aende akaichome yeye mwenyewe, kisha amweleze binti wa Haidar sababu. Watu wakaachia kicheko, na hapo ndipo jirga ilipokwisha. Jandad alikuwa bado amesimama kichwa wazi. Baryal aliinama, akaokota kile kilemba chini, akamkabidhi bila kumtazama. Zaidi ya hapo hakuweza, na hakuna aliyemdai zaidi.

Samandar alimfuata dada yake mpaka kizingitini. Akamshika bega.

"Usinishike, watu wanatazama," Zarlakhta alimwambia. "Na siku nyingine ukiutumia ubeti wangu, uniombe ruhusa."

Alitoka kwa mlango mkubwa wa hujra. Wanaume walimpisha njia, na nyuma yake alilisikia jina la mumewe likipita kutoka mdomo hadi mdomo, Aimal Khan, Aimal Khan, mpaka likafika barabarani kabla yake. Alitembea taratibu ili alisikie lote.